Diski Haikuwepo, Folda Ikaonekana Tupu: Kisa cha Hifadhi ya Nje Kwenye Nextcloud

Kisa hiki ni cha ofisi ya wapima ardhi katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Jina la ofisi, mji, wafanyakazi na wateja nimeyaondoa, na miradi nimeitaja kwa ujumla tu. Nimekiandika kwa ajili ya mafundi wenzangu wanaofunga mawingu, yaani hifadhi za mafaili za mtandaoni, kwenye ofisi ndogo. Makosa yaliyofanyika hapa, na mengi niliyafanya mimi, hayatoi dalili yoyote mpaka siku umeme ukatike.

## Usuli

Ofisi ina watu 11. Kazi yao ni kupima viwanja na mashamba, kuandaa ramani za urasimishaji wa makazi, na miaka ya karibuni kupiga picha za anga kwa droni. Kila mradi unaacha rundo la mafaili: vipimo ghafi kutoka mashine za GPS, michoro ya CAD, barua za serikali za mitaa, orodha za wamiliki na nakala za vitambulisho vyao. Mzigo mkubwa zaidi ni picha. Droni ikiruka juu ya mtaa wa kawaida inaweza kurudi na picha mia saba au elfu moja, na kila picha ni megabaiti nane au kumi.

Walikuwa wamechoka kulipia hifadhi ya mtandaoni kwa dola kila mwezi. Tena mkurugenzi, ambaye ofisini wote wanamwita Mzee, alikuwa na wasiwasi juu ya zile orodha za wamiliki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilikwisha anza kutumika, na hakutaka namba za vitambulisho vya watu zikae kwenye seva asizojua ziko nchi gani. Nikawafungia Nextcloud. Ni programu huria ya kuhifadhi na kushirikisha mafaili kwenye seva yako mwenyewe, iliyoanza mwaka 2016, pale Frank Karlitschek na wenzake walipojitenga na ownCloud, na haina ada ya matumizi. Seva ilikuwa kompyuta ndogo ya mezani yenye SSD (diski ya ndani) ya gigabaiti 240, mfumo wa Ubuntu Server 22.04, programu ya tovuti ya Apache na kanzidata ya MariaDB, ikiwa imechomekwa kwenye UPS (betri ya akiba).

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kisha droni ikanunuliwa, na ndani ya miezi minne SSD ikafika asilimia 97.

Ofisi ilikuwa pia na diski ya nje ya terabaiti 4, ile ya inchi 3.5 yenye adapta yake ya umeme. Ndani yake mlikuwa na terabaiti 1.7 za kazi za miaka sita, zimepangwa kwa mwaka, wilaya na mradi. Walikuwa wakiichomeka kwenye kompyuta moja ya Windows kila mtu alipohitaji kitu cha zamani. Mzee aliniambia, "Fundi, hii diski iingize humo humo kwenye wingu, watu waache kupanga foleni."

## Njia zilizokuwepo

Nilimwekea mezani njia nne.

Ya kwanza ilikuwa kuhamisha folda kuu ya data ya Nextcloud yote kwenye diski kubwa. Faida yake ni kwamba Nextcloud ina ulinzi wake kwa folda hiyo: huweka faili dogo lililofichwa ndani yake, na isipolikuta hukataa kufanya kazi. Hasara ni kwamba kila kitu, hata mafaili binafsi ya wafanyakazi, kingetegemea diski ya USB. Halafu kazi za miaka sita zingelazimika kupakiwa upya ndani ya akaunti za watu.

Ya pili ni programu-jalizi ya hifadhi ya nje, `files_external`, inayokuja na Nextcloud ila huwa imezimwa. Hii huiacha diski na mpangilio wake ulivyo, na kuionyesha kama folda ndani ya wingu. Inakubali folda iliyo kwenye seva yenyewe, folda ya Windows kwa itifaki ya SMB, seva nyingine kwa SFTP, FTP au WebDAV, na hifadhi za kukodi mtandaoni za S3.

Ya tatu ilikuwa kununua kifaa maalumu cha kuhifadhi mtandaoni chenye diski mbili. Fedha haikuwepo. Ya nne, kukodi hifadhi ya S3, ilikuwa inaturudisha kwenye dola tulizozikimbia.

Tukachagua ya pili. Hadi leo naona ulikuwa uamuzi sahihi. Shida ilikuwa kwenye maamuzi madogo yaliyofuata, yale ambayo mtu huyafanya saa kumi na moja jioni akiwa na funguo za pikipiki mkononi.

## Siku ya kuunganisha

Diski ilikuwa na mpangilio wa NTFS, wa Windows. Nilitaka kuigeuza iwe ext4, mpangilio wa Linux, lakini Mzee alikataa: alitaka siku yoyote aweze kuichomoa na kuisoma kwenye kompyuta yake. Nilikubali kwa urahisi mno. Ili isiwe nzito, kwenye `/etc/fstab`, faili linaloiambia Linux diski zipachikwe wapi na vipi, nikatumia kiendeshi kipya cha `ntfs3`, kilichoingia kwenye kerneli (kiini) ya Linux toleo 5.15 mwaka 2021, badala ya `ntfs-3g` ya zamani.

Jaribio la kwanza liligoma. Nilikuwa nimeunda folda `/mnt/kumbukumbu` na kuipachika diski hapo (wenyewe tunasema kumaunti), lakini Nextcloud ikaonyesha alama nyekundu. Sababu ilikuwa ruhusa. Kwenye Ubuntu, Apache hufanya kazi kwa jina la mtumiaji `www-data`, namba 33, na kwa namna nilivyokuwa nimepachika, mtumiaji huyo hakuruhusiwa kuingia. Katika kuhangaika nikaibandua diski, nikaipa `www-data` umiliki wa folda tupu ya `/mnt/kumbukumbu`, nikapachika tena. Haikusaidia. NTFS ikipachikwa namna ile haijali umiliki wa folda iliyo chini yake. Dawa ilikuwa kuandika `uid=33,gid=33,umask=0007`, maneno yanayompa `www-data` umiliki wa diski, kwenye mstari wa fstab wenyewe. Nikaandika, alama ikageuka kijani, nikafurahi.

Ule umiliki wa folda tupu sikuurudisha ulivyokuwa. Msomaji aukumbuke, utarudi.

Mstari ule pia niliuwekea `nofail`, ili seva iendelee kuwaka hata diski ikikosekana. Bila neno hilo, seva isiyo na skrini inaweza kukwama gizani inasubiri diski, na mtu wa kuiona hayupo. Ndani ya Nextcloud njia ya hifadhi nikaandika `/mnt/kumbukumbu`, yaani kichwa cha diski chenyewe (folda yake ya juu kabisa), na wafanyakazi wakaiona kama folda inayoitwa Kumbukumbu. Nikaruhusu kushirikisha mafaili, nikaacha mpangilio wa kukagua mabadiliko ukisema kila mtu anapofungua folda. Kisha nikaendesha `occ files:scan` ili Nextcloud iandike kila faili kwenye kanzidata yake. Ilikwenda usiku mzima. Picha ndogo ndogo ni nyingi kuliko mtu anavyodhani.

Picha za droni zilizokuwa kwenye SSD zikahamishiwa humo, na SSD ikabaki na nafasi ya gigabaiti 41.

Kuhusu umeme: UPS ilikuwa na matundu mawili. Moja lilichukuliwa na seva, la pili na ruta. Adapta ya diski ikaenda kwenye ekstensheni ya ukutani, pamoja na birika la chai.

## Wiki saba, kisha Ijumaa

Kwa wiki saba watu walifurahia. Mchoraji ramani alifungua kazi ya mwaka 2019 akiwa kwake, na wapimaji watatu wakaweka programu ya kusawazisha kwenye laptopu zao, wakichagua folda za miradi inayoendelea kutoka Kumbukumbu. Wateja na kamati za mitaa wakaanza kupewa linki za kupakulia ramani badala ya flashi. Baadhi ya linki ziliandikwa kwenye barua rasmi, zikapigwa muhuri, zikagawiwa.

Alhamisi moja usiku umeme ulikatika wakati laptopu moja bado inapakia picha. Diski ilizima papo hapo. Seva ilikaa kwenye UPS dakika ishirini hivi, kisha nayo ikazima. Umeme uliporudi alfajiri, seva ikawaka yenyewe kama nilivyoipanga.

Diski ya NTFS inapotumika hubeba alama inayosema "niko kazini, sijafungwa vizuri". Ikizimwa ghafla, alama hiyo hubaki. Kiendeshi cha `ntfs3` kikiikuta hukataa kupachika diski kwa kuandika, mpaka ikaguliwe au mtu alazimishe. Ndicho kilichotokea. Diski ilikuwa inazunguka, taa inawaka, lakini haikupachikwa. Na kwa kuwa kulikuwa na `nofail`, seva ikaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kitu.

Saa mbili asubuhi wafanyakazi wanafika. Mtu wa kwanza anafungua Kumbukumbu. Nextcloud inakwenda `/mnt/kumbukumbu` na kuikuta folda ipo, ruhusa zipo, ndani hamna kitu. Kwa upande wake, hiyo ina maana moja tu: mafaili yamefutwa. Ikaanza kuyaondoa kwenye kanzidata, folda kwa folda, kadiri watu walivyofungua.

Laptopu mbili za wapimaji zilipoingia mtandaoni zikauliza wingu kuna nini, zikajibiwa hakuna kitu, zikafuta nakala zao. Laptopu ya tatu ilikuwa porini na mwenye nayo, imefungwa kwenye begi.

Saa tatu, dada mmoja wa idara ya michoro alipoona folda ya mradi wake ni tupu, alifanya jambo ambalo mfanyakazi yeyote mwenye uchungu na kazi yake angelifanya. Alikuwa na picha zote kwenye kadi ya droni. Akaunda folda upya, akaanza kupakia. Na ile folda tupu ya `/mnt/kumbukumbu`, iliyokuwa sehemu ya SSD ya seva, ilikuwa mali ya `www-data`. Ikampokea. Gigabaiti 38 zikaingia mahali ambapo diski ilitakiwa kuwepo, juu ya logi na mafaili ya muda ambayo nayo yalikuwa yakila nafasi.

Saa tano na robo SSD ikajaa. MariaDB ikakosa pa kuandika, na wingu lote likaanguka, pamoja na kalenda na folda binafsi za watu ambazo hazikuhusiana na diski hata kidogo.

Nilipigiwa simu saa sita kasoro. Nusu ya ofisi ilikuwa inajiandaa kwenda msikitini.

## Nilichokuta na nilichoamua

Kwa simu nilimwomba mhudumu wa mapokezi afanye jambo moja kabla sijafika: awaambie wote wazime Wi-Fi kwenye laptopu zao, na ampigie mpimaji aliye porini asiunganishe laptopu yake kwenye simu. Aliuliza kwa nini. Nikamwambia, "Dada, kilichofutika hapo huenda kwake bado kipo."

Nilipofika nilianza na `df -h`, amri ya kuona nafasi ya diski: SSD asilimia 100. Kisha `findmnt /mnt/kumbukumbu`, inayoonyesha kilichopachikwa hapo, haikujibu kitu. Kwa `dmesg`, inayoonyesha ujumbe wa kerneli, nikaona ujumbe wa `ntfs3` kwamba diski ni chafu na haikulazimishwa. Hapo picha ilikuwa imekamilika, na moyo ukatulia kidogo, kwa sababu niliamini data ziko salama ndani ya diski isiyopachikwa. Kilichobaki ni kutoiharibu kwa haraka zangu.

Uamuzi wa kwanza: kusimamisha Apache kabisa kwa `systemctl stop apache2`, badala ya kutumia amri ya Nextcloud ya hali ya matengenezo. Amri ile huandika ndani ya `config.php`, faili la mipangilio ya Nextcloud, na sikutaka faili lile liguswe wakati SSD haina hata baiti moja ya kuandikia.

Uamuzi wa pili: kutolazimisha. Kuna neno `force` ambalo lingepachika diski kwa sekunde moja, na kuna `ntfsfix`, ambayo hurekebisha kasoro chache za msingi na kuiachia Windows ukaguzi wenyewe. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu akiuliza kama watu watafanya kazi mchana ule. Nikamwambia hapana. Diski ile ilikuwa nakala pekee ya kazi za miaka sita. Kuandika juu ya diski chafu iliyo nakala pekee ni kamari, na nisingecheza kamari na mali ya mtu.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa kununua. Mfanyakazi alitumwa mjini kuleta diski nyingine ya terabaiti 4. Wakati huo nikahamisha zile gigabaiti 38 kutoka folda tupu kwenda flashi na diski ndogo za ofisi, SSD ikapumua. Hatua hii ina umuhimu kuliko inavyoonekana. Kama ningepachika diski bila kuangalia chini yake, picha zile zingefunikwa. Zisingeonekana kwa mtu yeyote, na bado zingeendelea kula nafasi ya SSD. Nimewahi kukutana na seva iliyojaa ambayo hakuna aliyejua nini kimeijaza, na jibu lilikuwa hilo.

Diski mpya ilipofika nikaiweka ext4. Ile ya zamani nikaipachika kwa kusoma tu, jambo ambalo `ntfs3` inalikubali hata alama ya uchafu ikiwepo, nikanakili yote kwa `rsync`. Ilichukua takriban saa tisa. Nilipomaliza, ndipo ile ya zamani ilipopelekwa kwenye kompyuta ya Windows na kukaguliwa kwa `chkdsk /f`. Ilipata kasoro kwenye picha chache za usiku ule wa Alhamisi, ambazo zilikuwepo kwenye kadi ya droni.

Uamuzi uliokuwa mgumu zaidi ulikuja Jumamosi, na ulihusu linki.

Nextcloud hailitambui faili kwa jina lake. Kila faili lina namba kwenye kanzidata, na linki ya kushirikisha imefungwa kwenye namba hiyo. Ijumaa asubuhi Nextcloud ilipoamini mafaili yamefutwa, ilifuta namba. Diski iliporudi na ukaguzi ukapita upya, mafaili yaleyale yalipewa namba mpya. Kwa macho kila kitu kimerudi mahali pake, lakini linki 63 zilikuwa zinaelekea kwenye namba ambazo hazipo tena, pamoja na alama za vipendwa na maoni ambayo watu waliandikiana juu ya michoro.

Nakala ya kanzidata ya karibuni ilikuwa ya siku sita nyuma. Kuirudisha yote kungerudisha linki nyingi, lakini kungefuta siku sita za kalenda, akaunti mbili mpya na mabadiliko ya watu wengine. Nikaamua kutoirudisha. Nilifungua nakala hiyo pembeni kama kanzidata ya pili, nikatoa orodha: nani alishirikisha, faili gani, linki ipi. Wenye linki wakaziunda upya wenyewe. Linki 11 zilikuwa zimechapishwa kwenye barua zilizokwisha kwenda kwa kamati za mitaa na mahakamani. Kwa hizo tu niliingia kwenye `oc_share`, jedwali la kanzidata linalotunza linki, na kuandika msimbo wa linki wa zamani mahali pa mpya, baada ya kuchukua nakala ya jedwali. Simshauri mtu kuzoea kugusa kanzidata kwa mkono. Lakini mwenyekiti wa mtaa mwenye barua yenye muhuri hawezi kuambiwa linki imebadilika.

## Matokeo

Hakuna mchoro wala kipimo kilichopotea. Siku moja na nusu za kazi zilipotea kwa watu 11, maoni yote ya michoro yalipotea moja kwa moja, na linki nne hatukuzipata kwa sababu ziliundwa ndani ya zile siku sita na wenyewe hawakukumbuka walimpa nani. Laptopu iliyokuwa porini haikuhitajika kuokoa kitu. Ila kama diski ingekuwa imeharibika, ndiyo ingekuwa nakala pekee ya miradi miwili.

Wiki iliyofuata likatokea dogo lingine. Ofisi ilianza kufuta picha zilizojirudia ndani ya Kumbukumbu, na SSD ikaanza kujaa tena. Faili likifutwa kupitia Nextcloud kwenye hifadhi ya nje huhamishiwa pipa la taka la mtumiaji, na pipa hilo liko kwenye folda kuu ya data, yaani kwenye SSD. Ukifuta gigabaiti 30 za diski kubwa, zinahamia diski ndogo. Tuliona mapema kwa sababu sasa nilikuwa natazama.

## Uchambuzi

Umeme nauweka pembeni kwanza. Umeme hukatika, na mfumo wa ofisi ya hapa kwetu usiotarajia hilo haujafungwa. Kiini cha kisa ni kwamba niliifanya diski isiyokuwepo ifanane na folda tupu. Nextcloud haikukosea, iliambiwa isome folda, ikasoma.

Kulikuwa na milango minne ambayo kila mmoja, kama ungefungwa, ungezuia au ungepunguza madhara.

Wa kwanza ni njia iliyoandikwa kwenye hifadhi ya nje. Niliandika kichwa cha diski. Kama ningeunda folda ndani ya diski, tuseme `kazi`, na kuandika `/mnt/kumbukumbu/kazi`, basi diski isipopachikwa njia hiyo haipo kabisa. Nextcloud ikikosa njia husema hifadhi haipatikani, na programu za kusawazisha zikiambiwa hivyo husubiri, hazifuti. Tofauti ni neno moja kwenye kisanduku. Kati ya yote niliyojifunza, hili ndilo ningemwambia fundi mwenzangu kama ningekuwa na dakika moja tu.

Wa pili ni umiliki wa folda tupu. Niliubadilisha nikitafuta dawa ya tatizo jingine, dawa haikufanya kazi, na sikuurudisha. Sasa folda ya kupachikia ni mali ya `root`, na diski ikiwa imebanduliwa niliifunga kwa `chattr +i`, kwa hiyo hata `root` mwenyewe hawezi kuandika ndani yake kwa bahati mbaya. Diski ikipachikwa juu yake kufuli hilo halionekani wala halisumbui.

Wa tatu ni ukaguzi wa mabadiliko. Kuacha Nextcloud ikague kila mtu anapofungua folda kunafaa pale ambapo mafaili yanaingia kwa njia nyingine nje ya wingu. Hapa, baada ya kuunganisha, kila kitu kilikuwa kinapita kwenye wingu, kwa hiyo hapakuwa na haja. Tumeuzima. Pale tunapohitaji kukagua kwa `files:scan`, amri imetanguliwa na `mountpoint -q /mnt/kumbukumbu &&`, inayohakiki kwanza kwamba diski imepachikwa, isije ikakagua utupu na kuandika utupu.

Wa nne ni ile UPS. Kuilinda seva na kuiacha diski ukutani kulifanya mambo kuwa mabaya kuliko kutokuwa na UPS kabisa, kwa sababu kwa dakika ishirini seva ilikuwa hai ikizungumza na diski iliyokufa. Birika limehamia jikoni, adapta ya diski imeingia UPS, ruta imenunuliwa UPS yake ndogo.

Kuhusu NTFS, kosa langu lilikuwa kutomuuliza Mzee swali la pili. Aliposema anataka kuichomoa diski na kuisoma Windows, hitaji lake la kweli lilikuwa kuona kazi zake hata siku mimi sipo na wingu limekufa. Hitaji hilo ni halali kabisa. Lakini linatimizwa vizuri zaidi kwa nakala ya pili kuliko kwa diski ileile inayotumika. Sasa ext4 ndiyo inayofanya kazi, na ile ya zamani ya NTFS, baada ya kukaguliwa, hupokea nakala kila Jumamosi kisha huchomolewa na kuwekwa kwenye droo ya Mzee. Amepata alichotaka, na ofisi imepata nakala rudufu ambayo kwa miaka sita haikuwa nayo.

`nofail` sikuiondoa. Mafundi wawili niliowasimulia walinilaumu kwa hilo, na naelewa hoja yao: seva ingegoma kuwaka, tusingefika huko. Ila ingegoma pia kutoa kalenda na folda binafsi kwa watu 11, na mimi nakaa mbali kwa mwendo wa saa moja. Milango mingine ikiwa imefungwa, napendelea seva iwake na iseme wazi hifadhi moja haipo.

Kilichofanya kazi vizuri ni kuzima Wi-Fi kabla ya kugusa chochote, kutolazimisha diski, na kuangalia chini ya folda kabla ya kupachika. Nakala ya kanzidata, hata ikiwa ya siku sita, iliokoa barua 11. Sasa inachukuliwa kila usiku saa nane, na inahifadhiwa siku 30.

Tulifanya jaribio wiki tatu baadaye, Jumamosi, ofisi ikiwa haina watu. Nilichomoa waya wa diski makusudi, nikaiwasha seva upya, nikafungua wingu kwenye laptopu yenye mafaili ya majaribio. Kumbukumbu ikaonyesha haipatikani, kupakia kukakataliwa, na laptopu haikufuta kitu. Tangu hapo umeme umekatika mara nyingi, na mara moja diski ilichelewa kuamka. Yule dada wa michoro alinipigia: "Fundi, Kumbukumbu inasema haipo." Nikaipachika kwa simu kupitia SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), dakika tatu, mafaili yote na linki zote zikiwa zilezile.

Bado lipo jambo moja halijakamilika. Diski inayofanya kazi na ile ya kwenye droo ziko chini ya paa moja. Mzee amekubali nakala ya tatu ikae nyumbani kwake, na diski imekwisha nunuliwa, lakini ina orodha za wamiliki ndani yake, kwa hiyo haitoki ofisini mpaka nimalize kuifunga kwa LUKS, usimbaji wa diski wa Linux.